Ssaalongo Lwanyaga, Mjenzi wa Nyumba za Siku Tatu

Wazee wetu wa ukoo, mchungaji, majirani wa Jjalamba, wasanii mliotoka Kampala na nyote mliofika kutusaidia kuzika, shikamooni na poleni sana. Mimi ni Milika, mdogo wake marehemu ninayemfuata kuzaliwa. Nimeombwa nisome maisha yake kwa sababu karibu yote yalipita mbele ya macho yangu, na kwa sababu, kama alivyosema mchungaji jana, nina sauti. Sauti ninayo, nguvu ndizo zimekwisha. Kuuguza miaka miwili si mchezo, kwa hiyo nitasoma nimekaa na mtaniwia radhi.

Yaliyochapishwa kwenye programu ni mafupi. Mwenye mashine alitupa kurasa mbili, na moja imeliwa na picha. Haya ninayoyasoma nimeyaandika upya leo asubuhi, nanyi mtanielewa ni kwa nini. Mzee Ssebbowa, mkuu wa mlango wetu katika ukoo, alipoingia uani saa mbili alisimama akaitazama nyumba hii iliyo nyuma yangu, akashika kiuno, akasema, "Kumbe Ssaalongo aliimaliza! Na sisi tulikuwa tunahangaika bure." Hapo hapo akawaambia wazee wenzake kwamba zile bati za ukoo zilizo stoo ya kanisa, walizoahidi mwezi wa nane kumwezekea Nnaalongo, mke wa marehemu, sasa ziende Kammengo kwa watoto wa marehemu Zakaliya, ambao upepo uliwang'olea paa. Wazee wakaitikia, wakaenda kunywa chai. Hakuna hata mmoja aliyeugusa ukuta.

Basi naanza na hili ili asije mtu akasema Milika alizungukazunguka. Nyumba mnayoiona si nyumba. Ni fremu za mbao zilizowambwa marekani na kupakwa rangi. Nyuma yake kuna kuta zilizoishia kwenye linta, majani yanayofika kiunoni, na mbingu. Ninyi wa hema la kushoto, tafadhali msiegemee. Mjane wa kaka yangu hana nyumba, na leo asubuhi ameponyokwa hata na bati alizoahidiwa. Nataka arudishiwe kabla hatujamfunika kaka yangu kwa udongo. Nitaeleza tulivyofika hapa, maana maisha yake yote yamo humo.

Eriyazaali Lwanyaga alizaliwa hapa hapa Jjalamba, Mawokota, tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Yekoyasi na marehemu Marita. Baba alikuwa seremala. Mabenchi ya kanisa letu ni yake, na mnaokaa benchi la tatu mnajua kwamba alipenda mtu akae wima asisinzie. Eriyazaali alikuwa mtoto wa maneno machache na mikono isiyotulia. Chochote chenye bawaba alikifungua, akakirudishia, na mara nyingi pakabaki msumari mmoja wa ziada. Mama alikuwa akimuuliza, "Na huu ulikuwa wa wapi?" naye akajibu, "Huo haukuwa na kazi, mama." Kabati letu la vyombo lilikaa upande mpaka mama akafariki.

Alianza masomo katika shule ya kanisa ya Jjalamba mwaka 1958. Krismasi ya 1962 watoto waliigiza kuzaliwa kwa Bwana, naye hakupewa mtu wa kuigiza kwa kuwa wakati huo alikuwa na kigugumizi. Akapewa nyota. Wengine wangekata karatasi wakaibandika ukutani, lakini yeye alitoboa mkebe wa samaki, akatia mshumaa ndani, akautundika kwenye waya kutoka roshani ya waimbaji hadi horini. Nyota ikaanza kuteremka juu ya vichwa vyetu, kanisa lote likanyamaza. Ilifika kwa Yosefu ikampita, ikampita na Mariamu, ikaenda kumgonga katekista kwenye paji la uso. "Nani amenipiga na nyota?" akauliza yule mzee, nalo kanisa likaanguka kicheko. Baba alimchapa. Mama alimpaka mafuta na kumwambia, "Hata hivyo, mwanangu, watu wote walitazama juu." Nadhani sentensi ile ndiyo iliyomharibu.

Alisoma hadi darasa la nane Mpigi, kisha mwaka 1968 akajiunga na chuo cha ufundi Kampala, akahitimu useremala mwishoni mwa 1970. Baba alimngoja arudi atengeneze mabenchi naye. Alirudi, akakaa miezi minne, akaondoka tena. Alisema benchi likishakamilika halina tena kitu cha kukuambia.

Mwaka 1973 alikodi kibanda Ndeeba, katikati ya wauza mbao, akawa anatengeneza vitanda na milango. Siku moja aliitwa kukarabati viti vya ukumbi wa Bbendera, ambako kikundi cha Tweyanze kilikuwa kikifanya mazoezi. Aliona wanaigiza kifo cha mfalme mbele ya shuka la maua. Akauliza kwa kigugumizi chake, "Mfalme a-anafia chumba cha nani?" Aliyecheza mfalme alikuwa Bugembe, kijana mwenye mdomo mkubwa, ambaye leo yuko pale mbele amevaa kanzu na anajifanya hanioni. Bugembe akamjibu, "Kama una ikulu, lete!" Alhamisi iliyofuata Eriyazaali akaleta ikulu kwenye mkokoteni. Hakurudi tena kwenye vitanda.

Ile kazi ilikuwa hivi. Tweyanze walipewa ukumbi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine ulikuwa wa maharusi na mikutano ya maombi. Kwa hiyo nyumba ya mchezo ilisimamishwa Alhamisi, ikaishi siku tatu, na Jumapili jioni ikavunjwa, misumari ikanyooshwa, marekani ikafuliwa, mbao zikasubiri kuwa nyumba nyingine. Gundi alipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Miaka ile hakukuwa na kitu madukani, alitengeneza taa kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, na michezo ilianza saa nane mchana ili watu wawahi kurudi makwao kabla ya amri ya kutotembea. Watu waliingia wakiwa na hofu ya mjini, pazia likafunguka, wakaona sebule yenye kochi na dirisha na jua likizama dirishani, nao wakashusha pumzi. Nilikuwa naisikia pumzi ile nikiwa nyuma, nilikoenda kumpelekea chakula.

Mwaka 1988 alifanya kitu ambacho mafundi wenzake bado wanakizungumzia. Aliokota kitovu cha gurudumu la lori kwenye vyuma chakavu vya Ndeeba, akakifukia katikati ya jukwaa, akajenga juu yake sakafu ya duara yenye vyumba vitatu. Wanaume wanne waliingia chini wakasukuma, sebule ikaondoka, jiko likaja, na Bugembe akatembea kutoka chumba hadi chumba bila kukatiza maneno yake. Watu walisimama kwenye viti. Walimpigia makofi Bugembe, wakampigia na mpiga ngoma. Kaka yangu alikuwa chini ya sakafu na mafuta ya gari kwenye nywele.

Alikuwa na sheria moja tu, na mafundi wote aliowafundisha wanaijua. Mchezo wa mwisho ukiisha, nyumba isibaki imesimama hata saa moja. Nilimuuliza sababu, akasema, "Ikibaki, watu wataanza kuiamini." Wakati ule niliona ni maneno ya fundi mchovu anayetaka kwenda kulala.

Tarehe 20 Agosti 1977 alimwoa Perusi Nabbosa katika kanisa letu hili. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa bibi harusi, huko Butambala, msemaji wetu aliulizwa na shangazi yake Perusi, "Kijana wenu anafanya kazi gani?"

"Anajenga nyumba."

"Mwaka huu amejenga ngapi?"

"Mpaka sasa, kumi na moja."

Wamama walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Msemaji hakusema uongo hata neno moja. Perusi mwenyewe alijua ukweli, kwa kuwa alikuwa ameshaingia Bbendera mara mbili, lakini aliinamisha kichwa akatabasamu kama bibi harusi anavyopaswa. Jioni shangazi yake alimkalisha kaka yangu chini akamwambia, "Mwanangu, kumi na moja za watu, na yake je?" Kaka yangu akaahidi mbele yetu sote kwamba atamjengea Perusi nyumba Jjalamba, jiko likiwa ndani na baraza likitazama barabara. Perusi alikuwa na miaka ishirini na mbili. Leo ana sitini na tatu.

Walijaliwa watoto wanne. Deziranta alizaliwa 1978, pacha Wasswa na Kato wakaja 1981, na kuanzia hapo wazazi wakawa Ssaalongo na Nnaalongo, kama tunavyowaita baba na mama wa pacha, kisha Kizza mwaka 1985. Waliishi vyumba viwili vya kupanga Ndeeba, wakala ndizi zao na mbegu za maboga na vumbi la mbao juu yake. Hakuwa mlevi. Hakumpiga mke. Aliwabeba pacha mmoja kila bega kwenda sokoni, akiwaonyesha majengo na kuwaambia lipi ni la kweli na lipi ni "mbele tu." Nasema haya ili msidhani nimekuja kumsema vibaya. Nilimpenda sana kaka yangu, na nilimkasirikia kwa kiasi hicho hicho.

Bati za kwanza za nyumba ya Nnaalongo zilinunuliwa 1983. Ziliegemezwa ukutani karakana. Kisha ukaja mchezo uliohitaji radi, na kaka yangu akagundua kwamba bati mpya ikitikiswa kwa mikono miwili inanguruma kama mbingu za Novemba. Moja ikawa radi, ya pili ikawa radi ya mbali, nyingine zikatobolewa zikawa mvua. Nnaalongo alipouliza aliambiwa, "Ni kwa wiki moja tu, mke wangu." Msimu wote watu wa Kampala walilowa kwa mawazo chini ya paa la Nnaalongo.

Halafu kuna ule mlango. Baba, kabla hajafariki, aliupasua mvule wake mmoja akamwambia Eriyazaali amtengenezee mkwewe mlango wa mbele. Kaka aliutengeneza vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kushika, ukakaa karakana ukingoja ukuta. Mwaka 1994 Tweyanze walikuwa na mchezo wa mwizi wa kahawa, ambamo Bugembe akiwa polisi anauvunja mlango kwa teke. Mlango wa kuvunjwa, wa mbao nyepesi, ulikutwa umeliwa na mchwa siku hiyo hiyo ya mchezo. Watu wameshakaa. Kaka akautia ule wa mvule.

Bugembe akaja mbio akapiga teke. Mlango haukusikia. Akapiga la pili, akashika mguu. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Piga hodi, afande!" Bugembe akaegemea mlango akaita, "Fungueni jamani, polisi tumechoka!" Ukumbi ukalipuka. Hapo ndipo Nnaalongo, aliyekuwa safu ya tatu na watoto, akasimama.

"Huo mlango wangu! Ssaalongo! Mlango wangu umefikaje huko?"

Bugembe, bila kupepesa, akamwambia, "Mama, kama ni wako, basi leta ufunguo!"

Watu walicheka hadi wakalia. Walidhani naye ni mwigizaji. Wiki iliyofuata walikuja kwa ajili ya mlango, na mchezo ukaendelea miezi. Nnaalongo hakucheka. Aliwachukua watoto akarudi nyumbani kwa miguu, akapika, akampakulia mumewe vizuri, na wiki nzima hakumsemesha. Mlango ule ulipakwa kijani ukawa wa polisi, ukapakwa mweupe ukawa wa hospitali, ukapakwa dhahabu ukawa wa kabaka fulani wa kubuni. Mwaka 2001 ulipasuliwa ukawa mbavu za mtumbwi katika mchezo ambao hata sikuupenda.

Kila nilipofoka, kaka yangu alikuwa na jibu moja. "Dada, Ijumaa watu watakuja." Na kweli walikuja. Ndilo lililokuwa gumu kwake. Nnaalongo angeweza kungoja, watazamaji hawakuweza, na yeye aliyeweza kungoja ndiye aliyengojeshwa. Ninyi mnaoishi na watu wapole, litafakarini hilo mkirudi kwenu.

Mwaka 2009, akiwa na miaka hamsini na minane, hatimaye alichimba msingi hapa. Kuta zilipanda kidogo kidogo, zikafika linta mwaka 2012, zikasimama. Kikohozi kilianza 2014. Madaktari walisema mapafu yamejaa vumbi la mbao na moshi wa rangi wa miaka arobaini, wakampa dawa ya kuvuta, wakamwambia aache karakana. Aliacha 2016, alipokuwa hawezi tena kupanda ngazi. Alirudi Jjalamba na mkewe, na kwa kuwa nyumba haikuwa na paa, walihamia jikoni, kile chumba cha matope mnachokiona moshi unatoka, ambamo sasa hivi wamama wanapika ndizi zenu. Humo ndimo Nnaalongo alimuuguza. Mimi nilikuwa mkunga miaka thelathini na nimeona mengi, lakini sijaona mwanamke akimgeuza mgonjwa upande mmoja, na beseni la mvua likiwa upande wa pili, akaendelea kuzungumza naye habari za kunde. Paa la jiko lile linavuja sehemu nne. Kitanda kilihamishwa kufuata mvua.

Siku moja mwezi wa tisa aliniuliza, "Dada, hivi nimejenga nyumba ngapi maishani?"

"Nitajuaje? Zote ulizibomoa."

Alicheka hadi kikohozi kikamshika. Kilipomwachia akasema, "Hii moja ndiyo imenishinda. Zile zilikuwa na mbele tu. Hii ina nyuma, ina ndani, ina chini. Kila upande unadai."

Wiki hiyo Mzee Ssebbowa alikuja kumjulia hali, akarudia ahadi ya wazee kwamba ukoo utaezeka. Kaka yangu alimshukuru. Lakini mara mzee alipoondoka akaomba penseli. Bugembe alipokuja kumtazama, kaka alimpa mchoro, akamwambia, "Ukoo wote utakuja kunizika. Sitaki wamwone Nnaalongo akitokea jikoni. Nataka atokee mlango wa mbele." Mkewe hakuambiwa. Nami sikuambiwa. Ndiyo kazi yake ya mwisho, na aliifanya kwa kumwonea mkewe huruma, hilo nalijua.

Alifariki Jumanne iliyopita, tarehe 6 Novemba 2018, saa nane mchana, jikoni humo, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Nnaalongo. Mvua ilikuwa imetulia kidogo.

Jana Alhamisi lori liliingia na Tweyanze wote, wazee kwa vijana, na mbao na ndoo za rangi. Hawakuomba hata maji. Walisimama kwanza barabarani wakatazama, kisha wakakaa mahali mlipokaa ninyi sasa, mmoja kila kona ya hema, wakipaza sauti, "Huku naona pembe! Sogeza!" Walijenga kwa kufuata macho yenu. Kufikia saa kumi na moja jioni nyumba ilikuwa imesimama. Tazameni madirisha. Huo mti mnaouona umo ndani ya kioo ni mti wenu ule wa ng'ambo ya barabara, umechorwa. Tazameni paa, ni kitambaa kilichoinamishwa. Nikamwambia Bugembe, "Ala! Kwa nini mmechora na kutu kwenye ukingo?"

"Mama mkunga, ndivyo alivyoandika. Bati mpya sana haziaminiki."

Watu wengine wakifiwa huleta maua au ndizi. Hawa waliletewa habari za msiba wa rafiki yao, na kwa kosa ambalo watu wa kazi hiyo tu wangeweza kulifanya, wakaleta nyumba yenye mbele, wakadhani wamemheshimu mjane. Asubuhi wazee wameiamini. Bugembe alipoyasikia maneno ya Mzee Ssebbowa alikuja mbio huku kanzu imemzidi urefu.

"Mama mkunga, sisi tulijua wazee wanajua!"

"Watajuaje, na mmewachorea hadi kutu?"

Akaanza kulia. Mtu aliyechekesha nchi hii miaka arobaini na tano amelia kwenye bega langu mpaka gomesi niliyovaa imelowa, nami sikuwa na nguvu ya kumfariji.

Nilikwenda kwa Nnaalongo nikamwambia nitasema ukweli mbele ya watu. Alinishika mkono. "Wifi, nakuomba, usiseme. Mwache aondoke na heshima yake. Mimi jikoni nimeshazoea."

Nimeshazoea. Wazee wangu, nimemtii mwanamke huyu katika mambo mengi, lakini neno hilo limenitoa. Nimechoka. Nimechoka na kuvumilia kwake, nimechoka na upole wa kaka yangu, nimechoka na beseni lile. Yeye ni mjane na amefungwa na heshima ya mume. Mimi ni dada, nina ruhusa ya kumsema ndugu yangu akiwa hai na akiwa maiti, naye alijua hivyo, ndiyo maana mchoro hakunionyesha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyewahi kumpigia makofi Eriyazaali Lwanyaga, kwa sababu kila mara mlipopiga yeye alikuwa nyuma ameshika kamba. Mzee Ssebbowa ana macho makali kuliko sisi sote, amejenga nyumba tatu za kweli, naye leo asubuhi kaka yangu amemdanganya akiwa ndani ya sanduku. Tafadhali, msione haya kwa kuwa ni mazishini, mpigieni makofi. Na baada ya mazishi Tweyanze wauvunje ukuta wao, kama sheria yake inavyosema, mbao wamwachie Nnaalongo ziwe za kupigilia bati.

La pili ni hizo bati zenyewe. Wazee, nawaomba mnyanyuke. Kabla jeneza halijatoka, mpite katika mlango ule wa mbele, polepole maana bawaba zake ni za kitambaa, mwingie mpaka ndani, msimame kwenye majani, kisha mtazame juu. Watoto wa Zakaliya nao wananyeshewa, siwaonei wivu. Gaweni, ezekeni nusu nyumba, chumba kimoja kikitosha kitanda kitatutosha. Mawingu mnayaona. Mvua ikishuka sasa hivi, paa lile litachuruzika rangi mbele yenu, na sitaki mjue ukweli kwa njia hiyo, nataka mjue kutoka kwangu.

Marehemu ameacha mjane, Nnaalongo Perusi Nabbosa, watoto wake Deziranta, Wasswa, Kato na Kizza, wajukuu tisa, ndugu zake, mimi Milika na mdogo wetu Yafesi, kikundi chote cha Tweyanze, na mafundi wengi aliowafundisha, ambao wanasimamisha majukwaa ya watu hadi Kigali na Kisumu.

Kaka yangu alichoka, na sasa Mungu ampe pumziko la amani. Nnaalongo amechoka kuliko yeye. Huyo mpeni paa, naye apumzike angali hai.